Kwa miguu kutoka stesheni ya Kigoma hadi makumbusho ya Ujiji

Wageni wengi wakishuka Kigoma hupanda bajaji hadi Ujiji, hupiga picha mbele ya mnara wa Livingstone, yule mmisionari na msafiri Mskoti, kisha hugeuza. Mimi ni mwalimu wa historia, naishi Mwanga, mtaa wa hapa hapa Kigoma, na wanafunzi wangu huwa nawapitisha njia hiyo kwa miguu, kuanzia stesheni ya reli. Ukitembea utaelewa jambo ambalo ukiwa ndani ya bajaji hulioni: kwa nini mji uliokuwa mkubwa umekuwa mtaa wa pembeni, na kijiji cha pembeni kikawa mji.

Uwe stesheni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Safari yenyewe ni kati ya kilomita nane na kumi kutegemea unavyokatiza, yaani saa mbili na nusu kwa mwendo wa kawaida, na jua la Kigoma likishapita saa nne halina huruma. Vaa viatu vilivyokwisha kuuzoea mguu, beba kofia, maji lita moja na nusu, na noti ndogo ndogo. Miezi ya kiangazi vumbi letu jekundu litakuingia hadi kwenye soksi. Kuanzia Novemba, weka mwavuli hata kama mbingu ni nyeupe.

Stesheni naihesabu kuwa makumbusho ya kwanza, ingawa hakuna anayekukatia tiketi ya kuitazama. Ukitaka kupiga picha omba ruhusa kwanza, kwa sababu reli na bandari ni maeneo yenye ulinzi. Jengo ni la Wajerumani, kubwa kuliko mahitaji ya Kigoma ya siku zile. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1914, kilomita 1,250 hivi kutoka Dar es Salaam. Sasa jiulize: Ujiji ulikuwa mji wa biashara unaojulikana hadi pwani, mbona reli haikwenda kuishia huko? Sogea mahali unapoliona ziwa, jibu liko mbele yako. Ghuba ya Kigoma ina kina na imekingwa na vilima, meli inaweza kukaa. Ufukwe wa Ujiji uko wazi kwa upepo na maji yake ni mafupi. Mtumbwi hauna shida na maji mafupi. Meli inayo.

Na meli ilikuja kweli. Ile tunayoiita Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa kwenye masanduku, ikaletwa kwa bahari na kwa reli, ikaungwa upya hapa Kigoma. Ilishushwa majini mwaka 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe isitekwe, lakini mafundi wakazipaka injini grisi nene kwanza. Ndiyo maana ilipoibuliwa mwaka 1924 ilikuwa bado inafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Wanafunzi wangu hupenda sana habari ya hiyo grisi, na mimi naipenda pia, maana ni uamuzi wa mafundi ambao bila shaka waliipenda kazi ya mikono yao. Miaka ya karibuni meli imekuwa kwenye matengenezo, kwa hiyo ulizia bandarini kama inaonekana. Usikate tamaa ukiambiwa hapana.

Kutoka hapo panda barabara ya Lumumba chini ya miembe. Usikimbie, huu ndio mlima pekee wa maana katika safari nzima. Tembea upande wa kulia ili magari na bodaboda zije zikikutazama usoni. Ukifika Mwanga simama unywe chai. Akina mama wanauza chapati, mihogo ya kuchemsha na maharage, na sokoni utakuta mawese kwenye chupa na dagaa wa kupima kwa sado. Dagaa nunua wakati wa kurudi. Ukiwabeba asubuhi utanuka wewe na mkoba wako hadi makumbusho.

Kuanzia Mwanga kuelekea Ujiji, sema ukweli, barabara haina mengi ya kutazama: maduka ya vifaa vya ujenzi, gereji, shule, daladala zinazokuita upande. Usipande. Hapa ndipo ninapowaambia vijana wangu wanyamaze kidogo wafikirie miguu yao. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo ikapita Mpwapwa na Tabora ikaishia Ujiji. Mpagazi, mara nyingi Mnyamwezi, alibeba kichwani au begani mzigo wa kilo 30 hivi. Kwenda pwani ulikuwa ni pembe za ndovu, kurudi bara ulikuwa vitambaa, shanga na nyaya. Na kuna waliopita njia hii bila kulipwa wala kuulizwa, wamefungwa minyororo, baada ya kuvushwa ziwa kutoka Manyema, upande wa Kongo. Stanley, mwandishi wa gazeti aliyetumwa kumtafuta Livingstone, alitoka Bagamoyo Machi 1871 na kufika kwetu mwishoni mwa mwaka, kwa kuwa vita vya Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi, karibu na Tabora vilimfungia njia ya moja kwa moja, akalazimika kuzunguka kusini. Wewe una kilomita chache tu na chupa ya maji. Zitembee zote.

Ujiji utautambua kwa nyumba. Zimeshikana, zina baraza mbele, na wazee wamekaa barazani. Usipite kimya. Toa shikamoo au salamu alekum, subiri ujibiwe, ndipo uulize, "Kwa Livingstone ni wapi?" Kila mtu anapajua, na utaelekezwa uache barabara kubwa ukate upande wa ziwani. Mara nyingi utapewa zaidi ya ulichouliza. Kuna mzee mmoja ambaye kila akituona huniita, "Mwalimu, hao watoto wapitishe kivulini, na uwaambie babu zao walikuwa nani." Namwitikia, "Ndiyo, baba, tunakwenda kuwaambia," na huwa namaanisha.

Makumbusho ipo ndani ya uwanja wenye miembe. Lipa kiingilio, dai risiti, halafu chukua mwongoza wageni, usizunguke peke yako. Utaona sanamu za Livingstone na Stanley wakisalimiana kwa kuvua kofia, michoro, na maelezo ya biashara ya utumwa. Nje kuna mnara wa mwaka 1927 wenye tarehe 10 Novemba 1871, siku inayotajwa kuwa walikutana hapa chini ya mwembe. Wanahistoria wanabishana juu ya hiyo siku, kwa sababu wote wawili walikuwa wamepotea hesabu ya kalenda njiani. Mwembe wenyewe haupo tena. Iliyopo ni uzao wake, kama wanavyoeleza wenyeji.

Ushauri wangu ni kumwuliza mwongozaji habari za Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone, kabla hajafika kwenye ile salamu maarufu ya Stanley, "Daktari Livingstone, nadhani?" Susi ndiye aliyetoka mbio kumlaki Stanley, wazungu wawili hawajaonana bado. Livingstone alikuwa amerudi siku chache tu nyuma, mgonjwa, baada ya kushuhudia mauaji ya sokoni Nyangwe, huko Manyema, mwezi Julai, akakuta vitu vyake alivyotumiwa Ujiji vimekwisha kuuzwa. Alipofariki mwaka 1873, huko ambako leo ni Zambia, Susi, Chuma na wenzao waliukausha mwili wake wakaubeba kwa miguu hadi Bagamoyo. Kwangu mimi hao ndio wasafiri wakubwa wa hadithi hii, na kutoka kwao kijana wa Kigoma atajifunza mengi kuliko kutoka kwenye ile kofia ya Stanley. Ukiuliza utajibiwa vizuri, usipouliza huenda ukaishia kwenye kofia.

Sasa swali ambalo lazima litakujia ukiwa chini ya mwembe: ziwa liko wapi? Siku zile maji yalikuwa karibu zaidi. Ziwa Tanganyika lina mto mmoja tu unaoyatoa maji, Lukuga, ng'ambo upande wa Kongo, na mdomo wake ulikuwa umezibwa na mchanga na majani. Mwaka 1878 hivi kizuizi kikaachia, na ndani ya miaka isiyofika 20 ziwa likashuka karibu mita 10. Kwenye ufukwe tambarare kama wa Ujiji, mita 10 za kina ni mwendo mrefu wa nchi kavu. Unganisha hilo na ghuba uliyoiona asubuhi stesheni, utajua ni nini kilichoihamisha bandari. Miaka hii ya karibuni maji yamepanda tena na kufunika sehemu za ufukwe, wenye nyumba za chini wameona taabu.

Basi usigeuzie makumbusho. Fuata mtaa huohuo uteremke hadi mwaloni, hapo ndipo Ujiji inapoishi. Mafundi wanaunda maboti kwa mikono. Tazama fundi wa kalafati: anasokota pamba iliyolowa mafuta mpaka inakuwa kama kamba, anailaza kwenye ufa kati ya mbao mbili, kisha anaishindilia kwa patasi butu na nyundo, pigo moja baada ya jingine, hadi ufa haupitishi hata ukucha. Salimia, omba kabla ya kupiga picha, na usimsimamie fundi kwenye mwanga wake.

Ukisikia njaa ulizia migebuka ya kuchoma na ugali wa muhogo. Kisha rudi barabara kubwa usimamishe daladala ya Mwanga. Kurudi kwa miguu si lazima, na ukishuka sokoni wale dagaa bado wapo.