Namna ya Kuandaa Warsha ya Ufundishaji Bora kwa Wahadhiri wa Vyuo Vikuu Uganda

Katika vyuo vikuu vya Uganda, kama ilivyo kwingi duniani, mtu huajiriwa kuwa mhadhiri kwa sababu ya shahada na tafiti zake, wala haulizwi sana kama amewahi kujifunza kufundisha. Aliyepitia kitivo cha elimu angalau alifanya mazoezi ya ualimu shuleni. Mhandisi, mwanasheria, daktari na mtaalamu wa kilimo huingia ukumbini wakitegemea kumbukumbu ya jinsi walivyofundishwa wao. Ndiyo maana warsha za ufundishaji zinahitajika, na ndiyo maana inasikitisha kuona nyingi zikiendeshwa kwa mtindo uleule zinaokusudia kuubadilisha: mwezeshaji anasoma slaidi tangu asubuhi hadi chakula cha mchana, washiriki wanasikiliza kimya, vyeti vinatolewa, na muhula unaofuata mihadhara inaendelea kama zamani.

Mwongozo huu unamlenga mkuu wa idara, afisa wa uthibiti ubora au mhadhiri yeyote aliyekabidhiwa kazi ya kuandaa warsha ya namna hiyo. Msimamo wangu ni kwamba mshiriki hana budi kuirekebisha kozi moja anayoifundisha kweli, kufundisha sehemu yake mbele ya wenzake, kisha kutembelewa darasani muhula ukiendelea. Uamuzi kuhusu bajeti, muda na wawezeshaji upimwe kwa kigezo hicho.

Kwetu Uganda jambo hili lina uharaka wake. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, unaozingatia umahiri, ulianza mwaka 2020, na watahiniwa wake wa kwanza walifanya UCE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari ya chini, mwaka 2024. Wakishamaliza sekondari ya juu, kundi hilo linatazamiwa kuingia chuo kikuu mwaka 2027. Ni vijana waliozoeshwa kufanya miradi, kujadiliana katika vikundi na kuyatumia maarifa katika hali halisi, na si haki kuwapokea kwa mihadhara ya imla. Idara za Kiswahili zina mzigo wa ziada, kwa kuwa Baraza la Mawaziri liliidhinisha Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, na walimu watakaoutekeleza uamuzi huo ndio hao tunaowafundisha.

Maandalizi

Anza kwa kuchunguza, si kwa kutafuta mwezeshaji. Hojaji peke yake haitoshi, kwa sababu mhadhiri akiulizwa anahitaji nini hujibu mara nyingi kwamba anahitaji projekta na mtandao wenye kasi, mahitaji ambayo ni ya kweli lakini hayafichui kinachotokea kati yake na wanafunzi. Omba ruhusa ya kukaa katika mihadhara michache ya vitivo mbalimbali, zungumza na viongozi wa madarasa, kisha kusanya karatasi za mitihani ya miaka miwili iliyopita na uzisome kwa makini. Karatasi ya mtihani huonyesha waziwazi kinachothaminiwa katika kozi: ikiwa maswali yote yanaanza kwa “Taja” na “Fafanua”, basi mwanafunzi anayekariri amefanya lililo busara kabisa, na warsha ianzie hapo.

Kuhusu muda, chagua majuma ya mwisho kabla ya mwaka wa masomo kufunguliwa mwezi Agosti, au likizo kati ya mihula miwili. Usichague kipindi cha kusahihisha mitihani, kwa maana wahadhiri watakuja na mafurushi ya karatasi na mawazo yao yatakuwa huko. Siku mbili kamili zinatosha, mradi ziongezewe vikao vifupi wakati wa muhula. Washiriki wasizidi ishirini na watano au hivyo. Wakizidi, zoezi la kufundishana, ambalo ndilo kiini cha yote, halitawezekana. Kila mmoja aagizwe mapema kuja na maelezo ya kozi yake, mtihani wake wa mwisho, na mada moja ambayo wanafunzi hushindwa kuimudu kila mwaka. Asiyekuja na vitu hivyo atashinda hapo akisikiliza nadharia.

Asubuhi ya kwanza: kutoka mada hadi uwezo

Kazi ya kwanza ni kumtoa mhadhiri katika swali la “nitafundisha nini?” na kumfikisha katika swali la “mwanafunzi ataweza kufanya nini, na nitajuaje?” Msomi wa elimu John Biggs alilieleza vizuri wazo hili: malengo ya kozi, shughuli za darasani na tathmini lazima vilingane, kwa kuwa mwanafunzi huongozwa zaidi na kile atakachopimwa kuliko kile kilichoandikwa katika maelezo ya kozi.

Wazo hilo halieleweki kwa kuelezwa tu, kwa hiyo tumia mfano mmoja na uufuate hadi mwisho. Chukua kozi ya sarufi ya Kiswahili ambayo lengo lake limeandikwa hivi: “Mwanafunzi aelewe ngeli za nomino.” Waulize washiriki watamtambuaje mwanafunzi aliyeelewa. Baada ya mjadala watafika mahali kama hapa: mwanafunzi aweze kusoma insha ya mtoto wa kidato cha pili, asahihishe makosa ya upatanisho wa kisarufi, na aeleze chanzo cha kila kosa. Lengo likishaandikwa hivyo, mengine hufuata. Mtihani hautauliza tena “Taja ngeli za Kiswahili”, bali utatoa insha halisi ya kusahihishwa. Darasani, saa moja ya kuorodhesha ngeli itapunguzwa ili wanafunzi wafanye kazi na insha wenyewe. Tena patatokea jambo ambalo orodha isingelileta kamwe, yaani kwamba mtoto anayezungumza Kiganda, lugha ya Kibantu yenye ngeli zake, hakosei kwa sababu zilezile na mtoto anayezungumza Kiacholi, lugha ya Kinailoti isiyo na mfumo huo. Ujuzi wa namna hii, wa kujua mahali ambapo somo fulani huwatatiza wanafunzi fulani, ndio unaomtofautisha mwalimu na mjuzi wa somo, na warsha iutafute katika kila taaluma iliyowakilishwa.

Baada ya mfano huo, wape saa moja na nusu waandike upya lengo moja la kozi zao, swali moja la mtihani na shughuli moja ya darasani, vyote vikihusu ile mada ngumu waliyokuja nayo. Mwezeshaji apite kati yao badala ya kuendelea kuzungumza. Waombe pia wapige hesabu ndogo: kwa kuwa krediti moja huhesabiwa kuwa saa 15 za mafundisho, kozi ya krediti tatu ina saa 45; je, katika saa hizo, ni ngapi ambazo mwanafunzi anaandika, anatatua, anajadili au anatenda jambo? Hesabu hii huwagusa watu kuliko hotuba yoyote.

Alasiri: darasa kubwa

Pingamizi litakalotolewa, nalo ni la haki, ni kwamba mbinu shirikishi haziwezekani katika ukumbi wa wanafunzi mia tatu. Lijibu kwa kulitenda. Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Harvard, alianza katika miaka ya 1990 kusimamisha mhadhara na kuuliza swali la dhana lenye majibu ya kuchagua. Kila mwanafunzi hujibu peke yake kwanza. Ikiwa waliopata ni kati ya asilimia 30 na 70 hivi, hupewa dakika chache za kumshawishi jirani, kisha hujibu tena. Zoezi hili halihitaji umeme wala simu: kadi nne za rangi au vidole vilivyoinuliwa mbele ya kifua vinatosha. Waulize washiriki wenyewe swali la aina hiyo ili waonje hali ya kulazimika kutetea jibu.

Ushahidi nao usiachwe. Uchambuzi wa tafiti 225 za kozi za sayansi, uhandisi na hisabati, uliochapishwa Marekani mwaka 2014, ulionyesha kwamba wastani wa waliofeli katika mihadhara ya kawaida ulikuwa karibu asilimia 34, na katika madarasa shirikishi karibu asilimia 22. Ila waonye mapema: utafiti uliofanywa Harvard na kuchapishwa mwaka 2019 uligundua kwamba wanafunzi waliofundishwa kwa njia shirikishi walijifunza zaidi huku wakihisi wamejifunza kidogo kuliko wenzao waliosikiliza mhadhara mzuri. Mhadhiri asiyelijua hilo atakata tamaa juma la pili wanafunzi watakapomnung’unikia. Anayelijua atawaeleza sababu tangu siku ya kwanza. Wala mfano wa nyumbani haukosekani, kwa maana shule ya tiba ya Makerere iligeukia ujifunzaji unaoanzia matatizo ya wagonjwa na jamii tangu mwaka 2003.

Siku ya pili: kufundisha mbele ya wenzako

Siku nzima itengwe kwa zoezi lililobuniwa katika Chuo Kikuu cha Stanford miaka ya 1960 kwa ajili ya walimu wanafunzi: kufundisha kipande kifupi cha somo, kupokea maoni, kurekebisha na kufundisha tena. Wagawe washiriki katika vikundi vya watano au sita kutoka taaluma tofauti, ili mwanasheria afundishwe na mtaalamu wa udongo na asiweze kujifanya ameelewa. Kila mmoja afundishe kwa dakika kumi, kikundi kizungumze kwa dakika kumi, na alasiri arudie.

Hapa ndipo heshima ya vyeo huweza kuliharibu zoezi. Mhadhiri msaidizi hawezi kumwambia kirahisi profesa aliyemsomesha kwamba hakueleweka, na hatupaswi kumlazimisha avunje adabu. Njia iliyo salama ni kuweka kanuni kwamba hakuna anayetoa hukumu, kila msikilizaji anasema tu, “Nilielewa hivi, nikapotea hapa, swali langu ni hili.” Hayo ni maneno ya mwanafunzi, na hayamvunjii mtu heshima. Aidha, mwombe mkuu wa kitivo au profesa mwandamizi afundishe wa kwanza. Akikubali kuulizwa maswali mbele ya vijana wake, wengine wote wataondokewa na woga. Akikataa kushiriki na kutaka tu kufungua warsha kwa hotuba, fupisha hotuba hiyo kadiri itifaki inavyoruhusu.

Chakula, posho ya usafiri na jenereta vitangazwe wazi kabla, ili visizue manung’uniko. Hakikisha pia kwamba ukumbi unafikika kwa mhadhiri anayetumia kiti cha magurudumu, na kwamba mkalimani wa lugha ya alama amepatikana ikiwa anahitajika.

Baada ya warsha

Usitoe cheti siku ya pili. Waunganishe washiriki wawiliwawili, na kila mmoja amtembelee mwenzake darasani juma la nne na juma la tisa la muhula. Fomu ya kuandikia iwe na maswali matatu tu: wanafunzi walifanya nini, wapi walionekana kukwama, na nini kingejaribiwa wakati ujao. Mkuu wa idara asizione fomu hizo. Zikianza kutumika katika kupandisha watu vyeo, kila mhadhiri ataandaa onyesho la kupendeza kwa siku ya kutembelewa na kufundisha kama kawaida siku nyingine.

Katika juma la sita kila mshiriki awaombe wanafunzi waandike, bila majina, kitu kimoja kinachowasaidia na kimoja kinachowazuia kujifunza, kisha awajibu darasani juma linalofuata. Maoni yanayokusanywa mwisho wa muhula huwafaa wanafunzi wa mwaka ujao tu. Haya ya juma la sita huwafaa walioyatoa.

Mtihani wa muhula ukishafanyika, kusanya karatasi mpya na uziweke kando ya zile ulizozisoma wakati wa maandalizi. Anayeonyesha mtihani uliobadilika pamoja na fomu za ziara mbili apewe cheti chake, na wawili au watatu kati yao waombwe kuwa wawezeshaji wa warsha ya Agosti inayofuata.