SOMO: Mtoto mchanga anaamka kila ukimlaza. Fanya hivi

Mtoto anayeshtuka mgongo ukigusa tu godoro hajadekezwa. Umemshusha akiwa bado kwenye usingizi mwepesi. Kwa miezi 3 hivi ya mwanzo, usingizi wa mtoto huanzia hapo: mboni zinazunguka chini ya kope, anaguna, anatabasamu, pumzi hazilingani. Mzunguko mzima, mwepesi na mzito, ni kama dakika 50 tu.

1. Andaa mahali kwanza. Godoro gumu lililonyooka, shuka iliyobana. Mto, blanketi na kanga iliyolegea vikae mbali. Chandarua kichomekwe chini ya godoro kisije kikamwangukia usoni.

2. Anza anapopiga miayo au kugeuza uso. Akishaanza kulia umechelewa.

3. Mnyonyeshe, mbeulishe, mshike hadi alale, kisha subiri dakika 15 hadi 20. Wengi hukosea hapa kwa haraka. Inua mkono wake, uachie: ukianguka umelegea, ngumi zimefunguka na pumzi ni za taratibu, yuko tayari. Ukijikunja, endelea kumshika.

4. Tanguliza matako, kisha mgongo, kichwa mwisho. Kichwa kikitangulia hutanua mikono kama anayeanguka, na kazi inaanza upya. Acha kiganja kifuani pake dakika moja.

5. Chali, mchana na usiku. Ubavu haufai, maana hubingirika akawa kifudifudi. Marekani walianza kampeni ya kulaza watoto chali mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya usingizini vikapungua kwa takriban nusu ndani ya miaka 10.

6. Akiguna usiku, sikiliza kidogo kabla ya kumnyanyua. Huenda bado amelala.

MASWALI

Bibi yake anasema akilala chali atapaliwa akicheua.
Shikamoo yake kwanza. Mwelezeni kwamba mtoto akiwa chali, njia ya hewa iko juu ya njia ya chakula, kwa hiyo maziwa yanayopanda hubaki chini na kumezwa tena. Akiwa kifudifudi ndipo yanaweza kushukia kwenye njia ya hewa.

Ana wiki 3, mchana analala, usiku yuko macho.
Saa yake ya mwili haijakomaa. Hutengemaa kati ya wiki 8 na 12. Mchana fungua madirisha na uongee naye. Usiku taa hafifu, nepi ibadilishwe kimya kimya. Jumla ya saa 14 hadi 17 kwa siku ni kawaida.

Hatuna kitanda cha mtoto.
Godoro dogo gumu chini, kando ya kitanda chenu, linatosha. Msilale naye kwenye kochi kamwe, wala kitanda kimoja na mtu aliyekunywa pombe au anayevuta sigara, wala kama alizaliwa njiti.

Wangu ana miezi 6. Nimnyime usingizi wa mchana ili usiku alale?
Usimnyime. Watafiti Ujerumani waliwaonyesha watoto wa miezi 6 na 12 vitendo vipya vya kuchezea kikaragosi. Waliolala angalau dakika 30 ndani ya saa 4 baada ya kuonyeshwa walikumbuka kesho yake. Ambao hawakulala hawakukumbuka. Mwache alale, ila mwamshe mapema jioni.