Namna ya Kuyarudisha Maji ya Mvua Ardhini Katika Kiwanja Chako Nairobi

Jina la Nairobi limetokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Siku hizi mvua ya masika huangukia mabati na lami, ikakimbilia mitoni kwa saa chache na kufurika makazi ya watu, kama tulivyoshuhudia Aprili 2024. Kisha kiangazi kikifika, mitaa ileile hungojea boza la maji. Mwenye kiwanja anaweza kuizuia sehemu ya maji hayo papo hapo yanapoanguka.

Anza na udongo, kwa maana hapa ndipo wengi hukosea. Chimba shimo la kina cha nusu mita, lijaze maji, liache linywe usiku kucha, kisha lijaze tena na upime kwa kijiti maji yanashuka kiasi gani kwa saa moja. Udongo mwekundu wa Karen au Kileleshwa kwa kawaida hunywa vizuri. Udongo mweusi wa Embakasi na South C hufura ukilowa na kupasuka ukikauka, kwa hiyo ukichimba shimo la kunyonya maji karibu na nyumba utauhatarisha msingi wenyewe. Huko tegemea tangi zaidi.

Kukadiria tangi si kazi ngumu: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, hivyo paa la mita 100 za mraba likipata milimita 20 hukupa karibu lita 2,000, ukiondoa kidogo kinachopotea. Maji ya kwanza yamwage, kwani hubeba vumbi na vinyesi vya ndege.

Maji yanayofurika kutoka kwenye tangi yaelekeze kwenye shimo lililojazwa mawe na kokoto, angalau mita tano kutoka ukutani, mbali kabisa na choo cha shimo na kisima, nayo yapitie kwanza kwenye kijishimo cha kunasa matope. Maji ya kuoshea gari yasiingie humo kamwe, maana mafuta yakishafika chini hayatoki. Uani, kabro (matofali ya zege ya kutandaza chini) zipangwe juu ya mchanga na kuachiwa nafasi, badala ya kuzibwa kwa saruji.

Safisha mifereji ya paa na kijishimo hicho kila Februari na Septemba, kabla ya masika na vuli.