Maji kwenye buti: saka tundu kwanza, ziba baadaye

Katikati ya masika mteja aliniletea Probox yake, analalamika gari linanuka uvundo. Nikainua kapeti la buti, nikatoa spea tairi. Maji yalikuwa yamesimama kwenye shimo lake na rimu imeshaota kutu. Pembeni mwa taa zote mbili za nyuma palikuwa na silikoni iliyopakwa matabaka matatu, kila tabaka la fundi mwingine. Tundu lenyewe lilikuwa juu kabisa, kwenye mfereji wa paa. Maji yalikuwa yakishuka ndani ya nguzo ya nyuma, yanapita nyuma ya taa, yanatokea chini. Kila fundi aliziba pale alipoyaona.

Kwa hiyo silikoni ibaki dukani kwanza. Tafuta mpira wa maji, tochi nzuri, bisibisi, spana namba 8 na 10, chaki, spiriti, msasa, tepu ya karatasi, magazeti ya zamani na mtu mmoja wa kukusaidia.

Hatua ya 1: vua na ukaushe. Toa kapeti, sponji iliyo chini yake, spea tairi na plastiki za pembeni. Klipu za gari la zamani zimekauka, hivyo zing'oe taratibu huku umeshika karibu na klipu yenyewe. Chini ya shimo la spea tairi kwa kawaida kuna kizibo cha mpira. Kichomoe maji yatoke, kisha kirudishe. Usikubali mtu atoboe sakafu kwa drili ili maji yapate njia. Nimeona sakafu nyingi zilizoliwa na kutu kuanzia kwenye tundu kama hilo, na kwa sisi tunaoishi karibu na bahari kutu haichelewi. Sponji ianike juani hata siku mbili au tatu, kwa sababu juu huwa kavu wakati ndani bado imelowa.

Hatua ya 2: soma vumbi. Hatua hii haina gharama na wengi wanairuka. Gari linalopita barabara za vumbi hujiandikia lenyewe mahali linapovuja. Panapopita maji, mara nyingi na vumbi hupita. Mulika kwa tochi kwenye bati tupu: ukiona mstari mwekundu au wa kahawia unaoshuka, ufuate kuelekea juu, usiufuate kwenda chini. Mwisho wake wa juu ndio jirani wa tundu. Weka alama ya chaki hapo.

Hatua ya 3: mwagia maji. Msaidizi aingie ndani na tochi, afunge mlango wa nyuma. Wewe nje achia maji kidogo tu, yatiririke kama mvua ya kawaida. Mashine ya kuoshea magari usiitumie, kwa kuwa nguvu yake hupenyeza maji hata kwenye mpira mzima na utaanza kufukuza tundu ambalo halipo. Anzia chini: usawa wa bampa, kisha taa, kisha pembeni mwa mlango, kioo, na mwisho paa. Kila sehemu ipe dakika tano nzima. Ukianzia juu, maji yatalowesha kila kitu na hutajua yaliingilia wapi. Msaidizi akiona tone la kwanza apige kelele, nawe usimame hapo hapo.

Kama maji hayakuonyesha kitu, funga vioo vyote, washa feni ya gari hadi mwisho ikivuta hewa ya nje, kisha paka maji ya sabuni kwenye maungio kwa nje. Povu likichemka, hapo pana upenyo. Ila ujue kuwa nyuma ya bampa, magari mengi yana matundu yenye vipande vya mpira ya kutolea hewa ya ndani. Hayo ni ya kiwandani, usiyazibe. Kagua tu kama mpira wa kuyazunguka bado umekaa.

Hatua ya 4: ziba kulingana na mahali.

Mfereji wa paa ndio mhalifu wangu wa kwanza kwenye magari ya umri huu. Gundi ya kiwandani iliyounganisha mabati hukauka na kupasuka nyufa nyembamba kama unywele. Toa ukanda wa plastiki, kwangua gundi iliyolegea yote, piga msasa mpaka bati safi pale penye kutu, futa kwa spiriti, paka praima na usubiri ikauke. Kisha tumia gundi ya poliyurethani, ile jamii ya Sikaflex au gundi nyeusi ya mafundi vioo. Silikoni inayonuka siki usiiweke kwenye bati: asidi yake huamsha kutu, na rangi haishiki juu yake. Weka gundi kwa nje, ili maji yasiingie kabisa kwenye ungio. Mstari wa milimita 3 uache siku nzima kabla ya kuumwagia maji.

Taa za nyuma ni rahisi. Fungua nati, toa taa, bandua sponji iliyokufa, safisha pande zote, zungushia utepe wa gundi ya butili. Ule haukauki, hivyo siku balbu ikiungua utaweza kuitoa taa bila kuivunja. Nati kaza kwa kupokezana, na usizilazimishe, plastiki itapasuka.

Mpira wa mlango pima kwa karatasi. Funga mlango juu ya kipande cha gazeti, ukivute. Kikitoka bila kukaza, mpira umelala, au mlango haukandamizi vya kutosha. Kabla ya kununua mpira mpya, legeza kile chuma cha umbo la U kinachoshikwa na komeo, kisogeze ndani milimita moja au mbili, ujaribu tena. Jambo hili lina uzito kuliko kapeti kulowa: mlango wa nyuma usioziba huvuta moshi wa ekzosi ndani wakati gari linatembea, na watu wanaokaa kiti cha nyuma ndio wanaouvuta.

Kagua pia shina la waipa, bolti za keria, mguu wa antena na mpira unaopitisha waya kwenda mlangoni.

Hatua ya 5: rudia maji. Gundi ikishakauka, rudia hatua ya 3 yote, kwani gari kuukuu mara nyingi lina matundu mawili. Tandaza magazeti makavu kwenye shimo la spea tairi na uyaache hapo, kapeti likiwa bado nje, mpaka mvua kubwa mbili zipite. Yakibaki makavu, rudisha kapeti.