Kupika na kugandisha chakula laini cha mtoto: kutoka sufuriani hadi friza

Likizo ya uzazi ya siku 84 inaisha mtoto hajatimiza hata miezi mitatu. Anapofikisha miezi sita na kuanza kula, mama wengi wa mjini tuko kazini kutwa nzima, na mtoto yuko na dada au na bibi yake. Hapo friza inakuwa msaada wa kweli. Unapika Jumapili mara moja, na wiki nzima mtoto anakula boga, viazi lishe, maharage na nyama, badala ya uji asubuhi, uji mchana, uji jioni.

Nimewalea watoto wangu watatu kwa njia hii hapa Dar es Salaam, kwenye joto hili na umeme unaokatika. Kabla hujawasha jiko, shika jambo hili moja: friza haiui vijidudu, inavilaza tu. Chakula kikiyeyuka vinaamka, tena vikiwa vingi kama vilivyoingia. Kwa hiyo kazi kubwa iko kabla ya friza, katika ule muda chakula kinapotoka jikoni kikiwa cha moto hadi kinapoanza kuganda.

Nilijifunza kwa hasara. Kwa mtoto wa kwanza nilisaga boga sufuria nzima, nikalimimina la moto kwenye kopo refu, nikafunga kifuniko na kulisukuma ndani ya friza usiku. Asubuhi pembeni lilikuwa jiwe, katikati bado laini, na ukilinusa lina uchachu. Boga zuri, kazi ya saa mbili, nikamwaga lote.

Hatua ya 1: Panga kiasi

Tumia trei za barafu. Chumba kimoja cha trei ya kawaida kinabeba kama mililita 30, yaani vijiko viwili vya chakula, na hicho ndicho kipimo changu chote. Mtoto wa miezi sita anayeanza kula anatosheka na kipande kimoja au kimoja na nusu kwa mlo. Unaongeza taratibu kadiri anavyozoea, mpaka karibu na miezi tisa anafikia vipande vinne, ambavyo ni kama nusu ya kikombe cha mililita 250. Kati ya miezi sita na minane anakula milo miwili hadi mitatu kwa siku, na maziwa ya mama yanaendelea kama kawaida.

Mimi mlo mmoja wa siku huuacha uwe uji uliopikwa siku hiyo hiyo. Miwili inayobaki, kwa vipande vitatu kila mlo, ni vipande 42 kwa wiki: trei tatu zenye vyumba 14. Kwa kiasi hicho nanunua boga lisilozidi kilo, nusu kilo ya viazi lishe (vile vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa), nusu kikombe cha maharage makavu na robo kilo ya nyama ya kusaga isiyo na mafuta mengi.

Nyama na maharage usiviache kwa sababu ya bei. Madini ya chuma ambayo mtoto alizaliwa nayo yanapungua sana akifika miezi sita, na maziwa peke yake hayawezi kuyafidia. Boga na karoti zina vitamini A nyingi, lakini chuma kidogo mno. Mtoto anayekula boga tu ananenepa mashavu huku damu ikipungua.

Hatua ya 2: Osha, na usiisahau raba ya blenda

Mikono kwa sabuni, trei kwa sabuni, kisha zote suuza kwa maji yaliyochemka. Blenda ifungue chini, utoe kisu na ile raba ya duara. Ukiangalia chini ya raba utaona mabaki ya juisi ya juzi. Hayo ndiyo yanayoharibu chakula cha mtoto bila mtu kujua yametoka wapi. Vitambaa vya jikoni viwe vimefuliwa na kukaushwa juani.

Hatua ya 3: Pika kila kitu peke yake

Usichanganye sufuriani. Kila chakula kiwe na vyumba vyake kwenye trei, mchanganyiko utafanyika kwenye bakuli la mtoto. Faida yake ni kubwa: mtoto akitokwa na vipele au akiharisha unajua ni nini alichokula. Chakula kipya, hasa yai, samaki na karanga, kiingize kimoja kimoja, asubuhi, siku ambayo wewe mwenyewe uko nyumbani.

Boga na viazi lishe napika kwa mvuke: chujio la chuma juu ya sufuria yenye maji kidogo, kifuniko juu. Ukichemsha kwenye maji mengi utamu unabaki kwenye maji, na rojo linakuwa chepechepe. Dakika 15 hadi 20 zinatosha kama umekata vipande vidogo. Yale maji ya chini usiyamwage, ndiyo utakayolainishia.

Maharage loweka usiku kucha, mwaga maji ya kulowekea, weka mapya, na yachemke kwa nguvu. Usiyaache kwenye moto mdogo tangu mwanzo, kwa sababu maharage mekundu yana sumu ambayo inahitaji mchemko mkali wa dakika kumi au zaidi ndipo iishe. Baada ya hapo punguza moto, endelea mpaka harage lipondeke kati ya vidole viwili bila kulazimisha.

Nyama ya kusaga ichemshe na kitunguu kidogo na karoti, bila chumvi. Chumvi, sukari na kyubu za supu havihusiki kabisa katika mwaka wa kwanza. Asali pia hapana, hata kijiko cha kulambisha, hata kama bibi anasema ndiyo dawa ya kikohozi. Asali inaweza kuwa na mbegu za kijidudu kinacholegeza misuli ya mtoto mchanga mpaka ashindwe kunyonya na kupumua, na kuipika jikoni hakuzimalizi.

Ini nina namna yake. Nalichemsha mpaka ndani pasiwe na wekundu wowote, nalipoza, nalikata vipande vya ukubwa wa kiberiti na kuvigandisha bila kusaga. Siku ya kulitumia nakwaruza kipande kikiwa bado kimeganda, kwa kile cha kukwaruzia karoti. Linatoka unga laini kuliko blenda yoyote inavyoweza, unaupasha ndani ya boga, mtoto hahisi punje. Mpe mara moja tu kwa wiki, kwa kuwa vitamini A ya ini ni nyingi kupita kiasi.

Hatua ya 4: Saga

Blenda usiijaze kwa chakula cha moto, nusu inatosha, na kifuniko kishikwe na kitambaa kwa sababu mvuke unasukuma. Ongeza maji ya kupikia kijiko kimoja kimoja. Rojo zuri linashikilia kijiko: ukiinamisha, linateremka polepole kwa uzito wake. Likichuruzika kama juisi, umemjaza mtoto maji, tumbo litajaa kabla hajala cha kumfaa. Ukikosa blenda, ponda kwa mwiko kisha sukuma rojo lipite kwenye chujio la nyavu. Nilifanya hivyo miezi mitatu mfululizo blenda ilipoungua, na mtoto hakukosa kitu.

Mtoto akifika miezi minane anza kusaga kwa kuacha punjepunje. Anayelishwa laini tupu mpaka mwaka anakuja kukataa wali.

Hatua ya 5: Poza haraka

Hapa ndipo nataka utulie. Chakula kilichoiva ni salama kikiwa cha moto kabisa, juu ya nyuzi 60, na ni salama kikiwa baridi ya friji, chini ya nyuzi 5. Katikati hapo vijidudu vinazaliana, na joto la jikoni Dar au Mombasa mwezi wa pili ni lile lile vinalolipenda. Katika nchi za baridi wanahesabu saa mbili. Hewa ikizidi nyuzi 32, hesabu saa moja tu tangu uipue.

Kwa hiyo usiache sufuria juu ya meza "ipoe yenyewe". Rojo likiwa ndani ya sufuria yenye kina, katikati hukaa na joto kwa saa nyingi. Fanya hivi: mimina rojo kwenye sinia pana, unene usizidi vidole viwili. Weka sinia ndani ya beseni la maji yenye vipande vya barafu, maji yasifike kwenye ukingo. Koroga kila baada ya dakika mbili tatu kwa kijiko safi. Funika kwa kitambaa chepesi, inzi wasitue. Ndani ya dakika 20 au 30 chini ya sinia hakuna joto tena. Barafu igandishe Jumamosi. Ukikosa, badilisha maji ya bomba mara tatu au nne.

Sababu hiyo hiyo ndiyo inayonifanya niogope uji wa mtoto unaowekwa kwenye chupa ya chai saa moja asubuhi na kunywewa saa tisa alasiri. Chupa inashusha joto polepole hadi vuguvugu na kulituliza hapo, na hakuna mahali pazuri zaidi pa kukuzia vijidudu. Kama dada anaweza kupasha kipande kilichoganda, anaweza pia kupika uji mdogo mpya. Uji wenyewe usiugandishe: ukiyeyuka unatoa maji juu na mabonge chini.

Hatua ya 6: Gandisha, kisha hamisha

Jaza trei kwa kijiko, funika, ingiza friza mahali palipo wazi, usipange trei juu ya trei zikiwa bado laini. Kwa kawaida zinaganda ndani ya saa nane. Vipande vikiwa vigumu, vitoe, vitie kwenye mfuko wa zipu au kopo lenye kifuniko, toa hewa, na andika kwa maka peni: ni chakula gani, tarehe gani. Boga na viazi lishe vikiganda vinafanana, utakuja kuvichanganya.

Muda wa kukaa unategemea friza yako. Angalia mlangoni kama kuna nyota zilizochorwa. Nyota moja ni nyuzi 6 chini ya sifuri, tumia ndani ya wiki. Mbili ni nyuzi 12 chini ya sifuri, mwezi mmoja. Tatu ni nyuzi 18 chini ya sifuri, ambapo mboga na matunda hukaa miezi mitatu. Nyama mimi sipitishi mwezi hata kwenye friza nzuri. Kile kichumba kidogo cha barafu ndani ya friji ya mlango mmoja kihesabu kama cha nyota moja.

Vinavyoganda vizuri: boga, karoti, viazi lishe, njegere, maharage, nyama, embe na papai. Viazi mviringo sivigandishi, vinakuwa punjepunje na maji, na kwenye blenda vinageuka gundi. Ndizi mbivu na parachichi ponda mbichi wakati wa kula. Mchicha na matembele sivipozi kwa kuchelewa hata kidogo, kwa sababu mboga za majani zikikaa kwenye joto zinatengeneza naitraiti, ambayo huzuia damu ya mtoto kubeba oksijeni. Mara nyingi naziongeza mbichi kidogo siku ya kupasha, zikaiva humo humo.

Hatua ya 7: Kuyeyusha na kulisha

Usiku hamisha vipande vya kesho kutoka friza kwenda friji, ndani ya bakuli lenye kifuniko. Vitumike ndani ya saa 24. Ukisahau, viweke moja kwa moja kwenye sufuria ndogo na kijiko cha maji, moto mdogo. Visiyeyushiwe juu ya meza. Pasha mpaka vitoe mvuke kote, koroga, kisha poza na uonje. Ukitumia maikrowevu koroga mara mbili, maana inaacha sehemu moja baridi na nyingine inaunguza.

Wakati wa kupasha ndipo ninapotia kijiko cha chai cha mafuta, au tui bubu la nazi iliyokunwa muda huo huo. Tui lichemke humo. Kwenye maharage kamulia ndimu kidogo au mpe embe baadaye, inasaidia mwili kuchukua chuma.

Toa kiasi cha kumtosha, weka kwenye bakuli lake. Kilichobaki baada ya kijiko kutoka mdomoni na kurudi bakulini ni cha kumwaga, mate yameshaingia. Kilichoyeyuka hakirudi friza.

Umeme ukikatika

Friza iliyojaa, mlango ukiwa umefungwa, hushikilia ubaridi kama saa 48, iliyo nusu kama saa 24. Kwa hiyo nafasi tupu jaza chupa za maji yaliyoganda, na usiifungue fungue kuchungulia.

Lakini umeme unaweza kukatika ukiwa kazini, ukarudi, na wewe ukakuta kila kitu kimeganda tena. Gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu, kiache humo friza siku zote. Ukirudi sarafu iko juu, endelea. Ukiikuta chini ya kikombe, barafu iliyeyuka yote na kuganda upya, na vipande vya mtoto navyo hivyo hivyo: mwaga vyote, nyama na mboga. Dada anayebaki na mtoto mwonyeshe kikombe hicho siku ya kwanza, akiangalie kila asubuhi kabla ya kutoa chakula.