Kukompaili programu sambamba kwenye terminali: kwanza ujue ni nani analalamika

Niliandika `mpirun -np 4 ./salamu`, yaani endesha nakala nne za programu yangu ya salamu kwa pamoja, nikitarajia majibu manne tofauti. Nikapata haya:

```
Mimi ni 0 kati ya 1
Mimi ni 0 kati ya 1
Mimi ni 0 kati ya 1
Mimi ni 0 kati ya 1
```

Siku mbili nzima nilipekua msimbo wangu nikitafuta kosa ambalo halikuwemo. Mashine ile ilikuwa na MPICH na Open MPI zote mbili, ambazo ni matoleo mawili tofauti ya MPI, maktaba ya kuwasilianisha nakala za programu zinazokimbia sambamba. Nami nilikuwa nimekompaili kwa mpicc (amri ya kukompaili) ya huku na kuendesha kwa mpirun (amri ya kuzindua) ya kule. Programu haikuelewana na aliyeizindua, basi kila nakala ikajiona iko peke yake duniani. Siku hizi nikikaa mbele ya mashine ngeni naanza na hizi kabla sijafungua faili lolote:

```
which mpicc mpirun
mpirun --version
mpicc --showme
```

Hiyo ya mwisho ni ya Open MPI. Kwa MPICH andika `mpicc -show`. Ndiyo amri ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inamvua mpicc joho lake. Watu humwita kompaila, kumbe ni karani tu: anachukua amri yako, anaongeza njia za maktaba, kisha anamkabidhi gcc, kompaila halisi, kazi yote. Kwangu alijibu hivi (nimefupisha):

```
gcc -I/usr/lib/x86_64-linux-gnu/openmpi/include
    -L/usr/lib/x86_64-linux-gnu/openmpi/lib -lmpi
```

`-I` inaonyesha mahali pa kutafuta `mpi.h`, `-L` inaonyesha folda ya maktaba, na `-lmpi` ndiyo maktaba yenyewe. Ukishaviona vipande hivyo vitatu, makosa mengi hayakutishi tena.

Programu ikiwa na faili zaidi ya moja, tenganisha hatua:

```
mpicc -O2 -Wall -c salamu.c
mpicc -O2 -Wall -c hesabu.c
mpicc salamu.o hesabu.o -o salamu -lm
```

Faida yake ni kwamba unajua aliyepiga kelele ni nani. Ukiona `mpi.h: No such file or directory`, huyo anatoka hatua ya kukompaili: umetumia gcc mtupu pale ulipopaswa kutumia mpicc. Ukiona ``undefined reference to `MPI_Init'``, kukompaili kumepita salama na sasa anayelia ni kiunganishi (linker, anayeunganisha faili za `.o` na maktaba kuwa programu moja), yaani mstari wa tatu ndio uliouandika kwa gcc. Nimeona watu wakirudi kuhariri `salamu.c` kwa kosa hili la pili. Msimbo hauna hatia hapo, uache.

Kuhusu `-lm`, maktaba ya hisabati: iweke mwisho. Kiunganishi husoma kushoto kwenda kulia, na maktaba ikitangulia kabla hajatokea anayeihitaji, inaweza kurukwa. Kisha utaambiwa `sqrt` haijulikani nawe unaiona `-lm` palepale mbele ya macho yako.

C++ ina mpicxx, Fortran ina mpifort (mafaili ya zamani ya kujengea programu bado yanasema mpif90). Mengine ni yaleyale.

OpenMP (si Open MPI; hii hugawa kazi kwa nyuzi, yaani threads, ndani ya programu moja) ina tabia nyingine kabisa: yenyewe ikikosewa hunyamaza. Haina karani, ina swichi moja tu, ambayo kwa gcc ni `-fopenmp`:

```
gcc -O2 -Wall -fopenmp jumla.c -o jumla
OMP_NUM_THREADS=4 ./jumla
```

Ukiisahau, mstari wako wa `#pragma omp parallel for` unarukwa kama maoni. Programu inakompailika, inakimbia, inatoa jibu sahihi, kwa uzi mmoja. Ndiyo maana siachi `-Wall`: angalau itanong'ona `ignoring '#pragma omp parallel'`. Ukiiweka wakati wa kukompaili ukaisahau wakati wa kuunganisha, afadhali, kwa sababu kiunganishi kitapiga kelele kuhusu `GOMP_parallel`, kazi ya maktaba ya OpenMP ya gcc. Swichi hii basi iende kwenye hatua zote mbili. Ukibadili kompaila, nayo hubadilika: za Intel hutumia `-qopenmp`.

Kama huamini iwapo imeingia, chapisha thamani ya `_OPENMP` ndani ya programu. Ni mwaka na mwezi wa toleo: 201511 maana yake ni toleo la 4.5, Novemba 2015. Jina hilo lisipotambulika, swichi haikufika.

Kuna mlalamishi wa tatu, anayejitokeza baada ya kila kitu kukubali:

```
error while loading shared libraries: libmpi.so.40:
cannot open shared object file
```

Kiunganishi kilishamaliza kazi yake. Huyu ni kipakiaji, na anatafuta maktaba wakati wa kuendesha. Andika `ldd ./salamu`, inayoorodhesha maktaba ambazo programu inahitaji, utazame mistari yenye `not found`. Wengi hukimbilia kujaza `LD_LIBRARY_PATH` (orodha ya folda ambazo kipakiaji hutafuta) ndani ya `.bashrc`, faili linalosomwa kila ukifungua terminali, halafu miezi sita baadaye programu nyingine inaokota maktaba isiyo yake na hakuna anayekumbuka kwa nini. Mimi huiandika njia ndani ya programu yenyewe wakati wa kuunganisha, na folda naichukua kwenye ile `-L` ya `--showme`:

```
mpicc salamu.o hesabu.o -o salamu -lm -Wl,-rpath,/njia/ya/lib
```

Ukichanganya MPI na OpenMP, amri ya kukompaili ni rahisi kuliko ulivyodhani:

```
mpicc -O2 -Wall -fopenmp mseto.c -o mseto
OMP_NUM_THREADS=4 mpirun -np 2 ./mseto
```

Ndani ya msimbo anza na `MPI_Init_thread` badala ya `MPI_Init`, ili MPI ijue kuna nyuzi. Hapo una michakato miwili yenye nyuzi nne nne, nane kwa jumla. Mara ya kwanza nilipoendesha ya kwangu ilichukua muda uleule wa nyuzi mbili. Hakuna aliyelalamika: si kompaila, si kiunganishi, si kipakiaji. Nilifungua `top`, inayoonyesha matumizi ya prosesa, kwenye dirisha la pili, nikakuta kila mchakato umeganda kwenye 100% wakati ulipaswa kukaribia 400% (kila kiini kinahesabiwa 100%). Open MPI, michakato ikiwa miwili au pungufu, hufunga kila mmoja kwenye kiini kimoja cha prosesa, kwa hiyo nyuzi zangu nne zilikuwa zikigombania kiti kimoja. Nikaongeza `--bind-to none` (usifunge popote) kwenye mpirun, nikarudi kwenye `top`: 397% na 395%.