Mtoto akienda likizo ziwani, mpe rula

Kama mwanao anakwenda kwa babu yake likizo hii, iwe Kayenze, Ukerewe au Sengerema kando ya Ziwa Victoria, mfungashie rula ya sentimita 30. Mahubiri ya "tutunze mazingira" mtoto wa miaka minane hayasikii, lakini kupima atapima kila kitu.

Mwombe mzee aende naye mwaloni asubuhi mitumbwi inaporudi. Sato asiyefika sentimita 25 haruhusiwi kuvuliwa. Sangara ni kuanzia 50. Kisha babu amfungue sato jike mdomo. Mara nyingine utakuta mayai ya manjano yamejaa humo, kwa sababu jike huatamia mdomoni, na vifaranga hukimbilia humo humo wakihisi hatari. Mtoto akishaona hivyo, hutahangaika kumweleza kwa nini kokoro, wavu wa kuburuta unaozoa hata wachanga, ni haramu.

Matete je? Samaki wachanga hujificha humo, kwa hiyo asiyakate ovyo. Ila ayatazame akiwa nchi kavu: kichocho kipo, na mamba pia.